Maswali ya Wasomaji: Mwenye Nyumba wa Paris Katika Sebule ya Magomeni

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya zamani tuliyoletewa na msomaji wa Magomeni, tukaahidi kuieleza. Kabla sijamaliza kuandika jibu lake zilifika barua nyingine tatu juu ya picha hiyohiyo, na kwa kuwa kila moja imeligusa jambo hili kwa upande wake, nimeona niitoe safu yote ya mwezi huu kwa mwenye nyumba mnene aliyemo ndani yake na kwa mtu aliyemchora, Mfaransa Honoré Daumier.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Marehemu babu yangu alikuwa karani bandarini hapa Dar es Salaam, na miongoni mwa vitu alivyotuachia kuna picha ndogo ya fremu ambayo tangu utoto wangu imetundikwa sebuleni kwetu. Inaonyesha bwana mnene mwenye kofia ndefu akitazama mafundi wanaobomoa nyumba, na uso wake umejaa furaha. Chini yake kuna maneno ya Kifaransa ambayo hakuna mtu aliyewahi kutusomea. Juu kuna maneno mengine makubwa zaidi, na ndani ya mchoro, karibu na pembe, kuna herufi mbili, h na D. Naomba kujua picha hii ni ya nini, maneno yake yanasema nini, na kwa nini mtu mzima afurahie nyumba kubomolewa. (Msomaji, Magomeni)

JIBU: Ndugu yangu wa Magomeni, nianze na maneno, kwa sababu familia yenu imeishi nayo miaka mingi bila kuyaelewa. Anayezungumza ni yule bwana mnene mwenyewe, na asemacho, kwa Kiswahili chetu, ni hiki: vizuri, nyumba nyingine hiyo inabomolewa, nitampandishia kila mpangaji wangu faranga mia mbili. Maneno makubwa ya juu, Locataires et propriétaires, maana yake ni wapangaji na wenye nyumba, nayo ni jina la mfululizo wa michoro. Herufi h na D ni sahihi ya Honoré Daumier, aliyezaliwa Marseille tarehe 26 Februari 1808 na kufariki katika kijiji cha Valmondois tarehe 10 Februari 1879, akiwa ametoa picha za chapa ya jiwe zinazokaribia 4,000. Nyingi kati ya hizo zilitoka katika Le Charivari, gazeti la Paris lililoanza tarehe 1 Desemba 1832 kwa ahadi ya kuwapa wasomaji wake mchoro mpya kila siku. Kwa hiyo kitu alichokiacha babu yako hakikukusudiwa kuwa pambo la sebule. Kilikuwa kazi ya gazeti, kitu cha kutazamwa asubuhi na kusahaulika jioni, nacho kimedumu kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Sasa juu ya furaha ya bwana huyu. Mchoro ni wa miaka ya 1850, wakati Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alipokuwa akiujenga upya mji wa Paris kwa mkono wa Georges Haussmann, aliyeteuliwa mwaka 1853 kuwa mkuu wa mkoa uliobeba mji huo. Mitaa ya zamani iliyobanana ilipasuliwa katikati ili kupitisha barabara pana, na kila nyumba iliyoanguka ilimwacha mpangaji barabarani akitafuta chumba kingine. Vyumba vilivyobaki vilikuwa vilevile, watu wanaovitaka wakawa wengi zaidi. Mwenye nyumba aliyenusurika hakuhitaji kuongeza hata tofali moja wala kupaka chokaa ukutani. Ilimtosha kusimama mtaani akitazama nyumba ya mwenzake ikishuka, akapiga hesabu. Na hesabu yenyewe haikuwa ndogo. Fundi wa kawaida wa Paris katika miaka hiyo alipata faranga 3 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo faranga 200 za nyongeza, hata zikiwa za mwaka mzima kama kodi za Paris zilivyozoeleka kuhesabiwa, zilikula kazi yake ya siku 50 hivi. Kodi hiyo ililipwa kila baada ya miezi mitatu, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na siku za kulipa ndizo zilizokuwa pia siku za kuhama, ambapo mikokoteni yenye magodoro na masufuria ilikuwa ikipishana mitaani.

Sidhani kama mkazi wa Dar es Salaam anahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo. Aliyewahi kuambiwa na dalali kwamba kodi ni ya miezi sita na italipwa kwa mkupuo, anayezikumbuka nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye korido katikati na ua nyuma, jinsi zilivyoondolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa, au aliyeamka asubuhi akakuta alama ya X ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa jirani, huyo ameshaielewa picha hii kabla ya kujua neno lolote la Kifaransa. Nadhani babu yako naye aliielewa hivyo. Karani wa bandari katika mji huu alikuwa mpangaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na huenda ndiyo sababu ukurasa huu, miongoni mwa karatasi zote zilizopita mikononi mwake, aliutia fremu.

Nina ombi moja kwako. Yafunike maneno ya chini kwa kiganja, kisha umtazame bwana huyo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ninakuomba hivyo kwa sababu maneno ya picha za Le Charivari mara nyingi hayakuandikwa na Daumier. Yaliandikwa na waandishi wa gazeti, ama baada ya mchoro kukamilika ama kwa kupatana naye kabla. Kazi yake mwenyewe ni mwili wa mtu. Desturi yake ni kuviacha vitu vya mbali katika mistari michache myepesi, kama vumbi, kisha kuutia uzito wote wa weusi katika mtu wa mbele, hasa kwenye mgongo, tumbo, na namna miguu inavyoikanyaga ardhi. Mtu wa Daumier husimama kama mtu mwenye mali au asiye na mali hata ukimfunika uso. Nimezitazama picha hizi kwa miaka mingi, na bado naamini kwamba hakuna mchoraji mwingine wa magazeti wa karne ile aliyejua kama yeye jinsi fedha inavyokaa ndani ya mabega ya mtu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Baada ya kuiona picha katika toleo lililopita, niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba mchoraji huyu aliwahi kufungwa jela kwa kumchora mfalme. Mmoja akanyoosha mkono akauliza: kama alikuwa jasiri kiasi hicho, mbona baadaye alijishughulisha na wenye nyumba, waume na wake, na watu wanaooga mtoni? Je, aliogopa? Nilishindwa kumjibu kwa namna iliyoniridhisha. (Mwalimu, Temeke)

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo kwa niaba yangu, kwa maana ameuliza swali ambalo picha zote za maisha ya kila siku za Ufaransa ya wakati ule zinalizunguka.

Mapinduzi ya Julai 1830 yalimweka Louis-Philippe katika kiti cha ufalme, na katiba iliyofuata iliahidi kwamba ukaguzi wa machapisho hautarudishwa kamwe. Mwezi Novemba mwaka uleule Charles Philipon, mchoraji na mfanyabiashara kutoka Lyon, akaanzisha jarida la La Caricature, akawakusanya vijana wenye mikono mizuri, Daumier akiwa mmojawapo. Philipon ndiye aliyeufananisha uso wa mfalme na pea, lile tunda lililo jembamba juu na nene chini, mpaka watoto wa Paris wakawa wanachora pea kwenye kuta. Mwezi Desemba 1831 Daumier alitoa mchoro ulioitwa Gargantua, unaomwonyesha mfalme kama jitu lililoketi, ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na watu wanapanda wakiwa na vikapu vya fedha zilizotolewa na maskini. Huku chini ya kiti zinadondoka hati na nishani zinazogombewa na wapambe. Februari 1832 alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500, na mwezi Agosti akatiwa katika gereza la Sainte-Pélagie. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Alipotoka hakunyamaza, na hili ndilo ningependa mwanafunzi wako alisikie. Tarehe 15 Aprili 1834, wakati wa ghasia za Paris, askari waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Transnonain wakawaua wakazi waliokuwa vyumbani mwao. Daumier akachora chumba baada ya mauaji: mwanamume mwenye vazi la kulalia ameanguka kando ya kitanda, na chini ya mwili wake kuna mtoto mchanga. Hakuna askari katika picha, wala hakuna mfalme. Kuna kitanda, shuka na kiti kilichopinduka. Ukitaka kujua lini Daumier alianza kuchora maisha ya nyumbani, mimi ningekuambia ni siku hiyo. Sijaona picha ya gazeti iliyo nzito kuliko ile.

Ndipo tarehe 28 Julai 1835 mtu aitwaye Fieschi akamfyatulia mfalme mtambo wenye mitutu mingi. Mfalme akanusurika, watu 18 wakafa, na mwezi Septemba serikali ikapitisha sheria zilizolitofautisha neno na picha. Makala iliweza bado kuchapishwa kwanza na kushtakiwa baadaye. Mchoro ukawa lazima upate idhini kabla ya kutoka. Watunga sheria walijitetea kwamba neno ni maoni ilhali picha ni tendo, kwa kuwa huingia machoni mwa kila mpita njia, hata asiyejua kusoma. La Caricature lilikuwa limeshafungwa mwezi Agosti. Kwa hiyo, mwalimu, Daumier hakuuacha mlango wa siasa kwa hiari yake. Ulifungwa mbele yake, na mtu aliyeshika ufunguo alikuwa mkaguzi wa serikali.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu. Kati ya 1836 na 1838 alichora picha 100 za Robert Macaire, tapeli aliyevaa vizuri, ambaye leo ni wakili, kesho ni daktari, keshokutwa anauza hisa za kampuni isiyokuwepo. Maneno yake yaliandikwa na Philipon. Kumbuka kwamba chini ya Louis-Philippe haki ya kupiga kura ilikuwa ya mwanamume anayelipa kodi ya serikali ya faranga 200 kwa mwaka, na wapiga kura katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 32 walikuwa 200,000 hivi. Dola yenyewe ilikuwa mikononi mwa wenye nyumba, wenye benki na wenye hisa. Aliyemchora mwenye mali akiwa amelegeza vifungo baada ya chakula alikuwa amemchora mpiga kura, na mkaguzi hakuwa na kifungu cha kukataza tumbo la mtu asiye na jina.

Hata hivyo ningekusihi usiwaruhusu wanafunzi watafute siasa katika kila tumbo. Ipo michoro ya waogaji wa mto Seine, iliyotoka kati ya 1839 na 1842, ambayo kwa maoni yangu haina siri yoyote ndani yake: ni wanaume wembamba mno na wanene mno wakitetemeka kwa baridi bila nguo zinazowapa heshima, na mchoraji amefurahi kuwaona. Furaha hiyo nayo ni sehemu ya kazi yake. Michoro ya mahakama, Les Gens de Justice, ya 1845 hadi 1848, ni jambo jingine kabisa. Alipokuwa mtoto, kabla ya kujifunza uchoraji, alitumwa kazi za tarishi kwa dalali wa mahakama, akaona jinsi joho jeusi linavyotembea katika korido. Katika mmoja wa michoro hiyo, wakili anamwambia mama aliyeshindwa kesi: ni kweli umeshindwa, lakini bila shaka ulifurahi sana kunisikia nikikutetea. Nimewahi kuwatafsiria maneno hayo watu waliokaa kwenye benchi la nje ya mahakama moja hapa mjini wakisubiri kesi iliyoahirishwa mara ya tano, na mzee mmoja akayarudia taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa.

Mapinduzi ya 1848 yaliufungua mlango ule, Daumier akarudi kuwachora wanasiasa kwa majina yao. Mapinduzi ya kijeshi ya yule aliyekuja kuitwa Napoleon III, ya tarehe 2 Desemba 1851, na amri ya Februari 1852 yakaufunga tena. Mwenye nyumba wa Magomeni alichorwa ndani ya kipindi hicho cha pili cha kufuli. Ukaguzi wa picha ulikoma kwa sheria ya tarehe 29 Julai 1881, miaka miwili baada ya mchoraji kufa. Sisi tuliokua tukimfuata Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tunajua kwamba mtu mdogo wa mtaani, akichorwa kila siku kwa uaminifu, huweza kubeba mambo ambayo hotuba haiwezi kuyabeba. Mwanafunzi wako akiuliza tena kama Daumier aliogopa, mwonyeshe kwanza picha ya mtaa wa Transnonain, kisha ya mwenye nyumba, umwache azitazame zote mbili kwa pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitafuta michoro mingine ya mtu huyu mtandaoni, nikakutana na mfululizo unaowacheka wanawake waandishi, mmoja ukionyesha mama anaandika huku mtoto ameangukia majini. Je, huyu ndiye mtetezi wa wanyonge? (Msomaji wa kike, Kigamboni)

JIBU: Dada yangu, umeona sawasawa, na sitamtetea. Mchoro unaoutaja ni wa mfululizo wa Les Bas-bleus wa mwaka 1844, wenye picha 40. Jina hilo, soksi za bluu, lilikuwa la kuwabeza wanawake wasomi. Maneno yake yanasema kwamba mama amezama katika moto wa utunzi ilhali mtoto yumo katika maji ya beseni la kuogea. Mwaka 1848 kulifuata michoro dhidi ya wanawake waliodai sheria ya talaka, na 1849 dhidi ya wanawake wa vyama vya kisoshalisti. Wakati huo talaka ilikuwa imefutwa Ufaransa tangu 1816, na haikurudi mpaka 1884, kwa hiyo wanawake wale walikuwa wakiomba njia ya kisheria ya kutoka katika ndoa zilizowaumiza. Jicho lililomwona mpangaji likashindwa kumwona mke.

Wapo wanaosema kwamba maneno ni ya wahariri na si yake. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini jibu hilo halitoshi, maana hata ukiyafunika kwa kiganja, kama nilivyomshauri msomaji wa Magomeni, utaona kwamba wanawake wa mfululizo huo wamechorwa wembamba kama vijiti, nywele ovyo, wasiovutia kwa makusudi, ilhali wafuaji nguo aliowachora kwa rangi za mafuta, wakipanda ngazi za kingo za Seine na mzigo na mtoto mkononi, wana uzito na heshima kama ya minara. Alimheshimu mwanamke aliyebeba furushi, akamcheka aliyeshika kalamu. Katika Mœurs conjugales, mfululizo wa mambo ya ndoa wa 1839 hadi 1842, waume wanachekwa sawa na wake, na huo naupenda. Ule wa 1844 nimeusoma wote mara moja, wala sina hamu ya kuurudia.

SWALI: Mzee Mhariri, shikamoo. Mimi ni fundi wa chapa, nina mashine ya ofseti Kariakoo. Mnasema hiyo ni chapa ya jiwe. Jiwe linachapaje bila kuchongwa? Na huyu ndugu wa Magomeni atajuaje kwamba picha yake ni ya kweli na si nakala ya juzi? (Fundi wa chapa, Kariakoo)

JIBU: Marahaba, fundi. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu mashine yako ni mjukuu wa jiwe hilo na unafanya kila siku kile alichokifanya mchapaji wa Daumier. Wewe unajua kwamba pleti ya ofseti haina mwinuko wala shimo, na kwamba maji na wino wa mafuta vinagombana juu yake. Basi ugomvi huo uligunduliwa na Alois Senefelder kule Munich katika miaka ya 1796 hadi 1798. Alitumia jiwe la chokaa la Solnhofen, huko Bavaria, ambalo chembe zake ni laini na zimeshikana, tofauti kabisa na mawe ya matumbawe ya pwani yetu yenye matundu. Jiwe lilisuguliwa mpaka likawa sawa, na mchoraji akachora juu yake moja kwa moja kwa kalamu iliyotengenezwa kwa nta, sabuni, mafuta ya mnyama na masizi. Kisha lilipakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo, ili sehemu zisizochorwa zishike maji na kukataa mafuta. Likilowanishwa na kupitishiwa rola ya wino, wino unakaa kwenye mchoro peke yake. Karatasi inalazwa juu, shinikizo linapita, picha inatoka.

Inatoka imegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Daumier alichora akijua hilo, na maneno ya chini yaliandikwa kinyumenyume na fundi wa herufi. Nakala zilipokwisha kutolewa, jiwe lilisuguliwa upya ili lipokee mchoro wa mtu mwingine, kwa kuwa mawe yalikuwa ghali na gazeti lilihitaji picha kila siku. Kwa hiyo karibu mawe yote ya picha hizo elfu nyingi hayapo tena. Karatasi ndiyo iliyobaki.

Kuhusu kuitambua, ndugu wa Magomeni akuletee hiyo picha dukani uitazame kwa lenzi yako ya kukagulia rangi. Ukiona nukta zilizopangwa kwa safu kama za gazeti la leo, hiyo ni nakala ya kisasa. Ukiona chembe zisizo na mpangilio, kama mkaa uliopitishwa juu ya ukuta wenye mkwaruzo, basi hiyo ni kalamu ya mafuta juu ya jiwe. Asome pia maandishi madogo yaliyo kando ya mchoro; mengi ya picha hizi yana jina la nyumba ya uchapishaji ya Aubert, iliyoendeshwa na Philipon pamoja na shemeji yake, na anwani ya place de la Bourse. Zilikuwepo nakala za aina mbili: za gazeti lenyewe, ambazo nyuma zina maandishi ya gazeti, na nyingine zilizochapwa kwenye karatasi nyeupe nzito, nyuma tupu, kwa ajili ya wanunuzi wa picha. Asishangae kuiona karatasi ya gazeti ikiwa bado imara, maana katika miaka ya 1850 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, si kwa unga wa mti unaoifanya karatasi ya gazeti letu igeuke njano kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Kuitunza ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa joto na unyevu wa mji huu. Namsihi asiipeleke kokote ikapigwe lamineshani, kwa sababu plastiki ile ikishashikana na karatasi haitoki tena. Asitie selotepu mahali popote. Hadibodi iliyo nyuma ya fremu, kama ipo, aiondoe, kwani hutoa asidi inayoichoma karatasi polepole, aweke badala yake kadi nene isiyo na asidi. Na kati ya kioo na picha aache nafasi ndogo kwa kadi ya pembeni, ili jasho la kioo la wakati wa masika lisiigandishe. Aitundike kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na mvua, na kila baada ya miezi michache aishushe aangalie kama mende au wadudu wa karatasi hawajaingia kwa nyuma.

Na siku utakapomfungulia fremu hiyo, fundi, igeuzeni kwanza kabla ya kufanya lolote. Mkikuta safu za maandishi ya Kifaransa, mtakuwa mmeshika habari za asubuhi ileile mwenye nyumba wetu alipoingia mitaani Paris kwa mara ya kwanza. Naomba mnipigie picha ya upande huo, pamoja na jina la mwezi na mwaka kama vinasomeka, mniletee.